Uweke Mtumbwi Kivulini

Nakumbuka mchana mmoja wa kiangazi, mwanangu, mama yangu amesimama mbele yangu pale ufukoni Shasha, kijijini kwetu, bidoni tupu ya kuchotea maji mkononi, akinitazama ninavyokwangua mtumbwi wa plastiki kwa jiwe. Hakupaza sauti. Mama hakuwa mtu wa kelele, hata kuku wake aliwafukuza kwa kunong'ona. Lakini maneno aliyonipa mchana ule nimeyabeba mpaka leo, na sasa magoti yamechoka nami bado nayabeba. Kaa hapa karibu. Huo mtumbwi unaotaka kuuchukua una habari yake, na sitakuacha uuguse kabla hujaisikia.

Ilikuwa miaka ya vita. Ukiniuliza vita gani, sitakujibu vizuri, maana sisi wa barabara ya Sake na Minova tulikuwa tumechoka kuvipa majina. Vilikuja, vikaondoka, vikarudi na nguo nyingine. Katikati yake watu walilima, walioa, walibatiza watoto. Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini hivi, mifupa imejaa nguvu na masikio yamejaa nta.

Mtumbwi niliupata kwa Papa Kasereka. Huyo alikuwa mfanyabiashara wa kutoka Butembo, Mkatoliki wa kweli, mtu wa kung'arisha viatu kila Jumapili hata kama milio ya bunduki inasikika mlimani. Alikuwa na duka barabarani na lori moja, na kando ya ziwa alijenga vyumba viwili vya wageni waliokuja kupumzika. Kwa ajili yao alinunua huo mtumbwi. Kisha wageni wakaisha, kwa sababu nani anakuja kupumzika mahali ambapo wenyeji wanakimbia? Papa Kasereka akafunga duka, akapakia vitu vyake, na siku ya kuondoka akaniita mimi niliyekuwa nikimshushia mizigo.

"Bahati," akaniambia, "hii mutumbwi siwezi kuibeba mpaka Butembo. Iko yako. Lakini sikia vizuri: hii kintu iko na ngozi ya muzungu. Jua ikiikamata, inakwisha. Uioshe na maji na sabuni kidogo, uiweke ku kivuli, usiikokote ku mawe."

Nilicheka, naye akacheka. Nilikumbuka kicheko, nikasahau maneno.

Ulikuwa mzuri, mwanangu. Leo unauona umepauka, lakini wakati ule ulikuwa mwekundu kama pilipili iliyoiva, mrefu, wa watu wawili, tumbo lake tupu ndani na kizibo kidogo kule nyuma. Watu walikaa juu yake, si ndani yake, na watoto wa kijiji waliuita sabuni kwa jinsi ulivyoteleza majini. Mimi nilitembea kifua mbele. Shasha nzima hakukuwa na mwingine.

Sasa uelewe jambo moja. Sisi watu wa ziwa tunajua miti. Mtumbwi wa mti hauachwi mkavu. Usipokuwa na kazi, unaujaza maji pale penye kina kifupi, unaulaza chini, maana mti ukikauka unapasuka. Wazee wetu walisema mti una kiu hata baada ya kukatwa. Basi mimi, kwa akili zangu za ujana, nikawaambia wenzangu kwamba plastiki haina kiu. Haiozi, haitobolewi na wadudu, haihitaji kulazwa majini wala kubembelezwa. Nililisema hilo mara nyingi, na kila niliposema nilijiona mwenye akili.

Mama alikuwa ameujengea mtumbwi kibanda. Nguzo nne za mti, na juu majani makavu ya migomba, na chini mashina mawili ya migomba ya kuulazia ili tumbo lisiguse mawe. Alikijenga peke yake, bila kuniambia, siku mbili baada ya Papa Kasereka kuondoka. Kiangazi kilipofika nilikivunja kibanda hicho kwa mikono yangu mwenyewe.

Nitakuambia sababu, hata kama inaniaibisha. Asubuhi wavuvi walirudi na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, na kila mtu aliwaanika juu ya nyavu kuukuu au juu ya majani. Mimi nikagundua kwamba mtumbwi ukigeuzwa juu chini juani, tumbo lake linapata moto hata ukiweka mkono unautoa haraka. Sambaza wa wengine walikauka kwa siku mbili. Wangu walikauka kabla ya jua kupinda. Wachuuzi wanaopanda Rubaya kuwauzia wachimbaji wa madini wakawa wanakuja kwangu kwanza. Kibanda kiliniletea kivuli, na kivuli kilikuwa adui wa sambaza wangu. Nikakiondoa.

Na sambaza wakikauka wananata. Niliwakwangua kwa kipande cha panga kuukuu, kisha nikayasugua mafuta yao kwa mchanga, na palipokuwa pagumu nikatumia lile jiwe jepesi la volkano, lenye vitundu vitundu, ambalo mama zetu wanasugulia nyayo. Jioni niliushika mtumbwi kwa ncha moja nikaukokota juu ya mawe mpaka majini kuuosha, kisha nikaukokota tena kuurudisha. Nilikuwa peke yangu na sikutaka kumwomba mtu msaada. Kiangazi chote nilifanya hivyo.

Ndipo mchana ule mama akaja na bidoni yake.

"Bahati, unaiona hii bidon?"

Nikaitazama. Ilikuwa ya njano, ile tunayochotea maji. Mama akaweka kidole gumba ubavuni, akabonyeza kidogo tu. Ikavunjika, kidole kikaingia ndani.

"Niliisahau ku jua musimu moja," akasema. "Ilikuwa nzima. Sasa iko sawa ganda ya yai. Mutumbwi yako na hii bidon, ni tumbo moja iliwazaa."

"Mama, bidon ni mambo ya bamama," nikamjibu. "Mie njo najua mitumbwi."

"Weye unajua miti," mama akasema. "Plastiki, ni siye tunaibebaka ku mugongo kila siku."

Wenzangu wawili walikuwa karibu na walisikia. Basi nikacheka, nikaendelea kusugua. Mama aliiokota bidoni yake iliyovunjika akapanda nayo nyumbani, taratibu, na hakulirudia neno lile hata siku moja. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Nilikuwa nimeukanyaga mwiba wangu, nami nilidhani ni vumbi tu.

Alama hazikukosa. Wekundu ukawa waridi, waridi likaanza kuwa jeupe. Ukipitisha kiganja tumboni mwa mtumbwi, kilitoka na unga kama wa chaki. Kando ya mgongo wa chini, pale palipokokotwa kwenye mawe, pakaonekana vijistari vyembamba ambavyo ukucha ulivihisi kabla ya jicho kuviona. Dada yangu Furaha alikaa juu yake siku moja kupumzika, alipoinuka kitenge chake kilikuwa kimebaki na unga ule.

"Kaka," akanitania, "mutumbwi yako imezeeka mbele yako. Iko na mvi."

Furaha alikuwa mdogo wangu wa pekee, na wakati ule alikuwa na mimba ya kwanza. Mume wake, kijana wa Walikale, alikuwa Rubaya akibeba mizigo ya wachimbaji mgongoni, akitafuta hela za nguo za mtoto. Furaha alikuwa amerudi kwa mama kujifungulia, kama ilivyo desturi kwa mtoto wa kwanza. Alipenda kuimba akitwanga sombe, yale majani ya mihogo, na aliimba vibaya, na sisi sote tulimwambia hivyo. Ningetoa mkono wangu huu wa kulia ili nimsikie tena akiimba vibaya kama zamani.

Uchungu ulimshika alfajiri, siku ambayo barabara ilifungwa.

Usiku uliotangulia watu wenye silaha walikuwa wamefika, na kulipokucha milio ilitoka upande huu na upande ule. Pikipiki zote zilikuwa zimekimbia. Mitumbwi ya mti ilikuwa imeondoka na familia zilizovuka kabla ya mapambazuko. Mama mmoja mkunga, aliyekuwa amebaki kijijini kwa sababu ya wagonjwa wake, alimshika Furaha tumbo, akamshika tena, kisha akamvuta mama pembeni.

"Mutoto amelala vibaya," akasema. "Amekaa kimukingamo. Hapa siwezi. Abebwe Kirotshe, ku hopitali, bamupasue. Na mbio."

Mama akanigeukia. Ufukoni kulikuwa kumebaki chombo kimoja tu ambacho hakuna aliyekitaka.

"Enda na yeye," akaniambia.

Hakusema kitu kuhusu kibanda, wala bidoni, wala jua. Alitandika blanketi juu ya mtumbwi, tukamlaza Furaha mbele, kichwa chake karibu na magoti yangu, na mama akaingia majini mpaka kiunoni kutusukuma. Watu wawili tu ndio mtumbwi ungeweza kubeba, naye alijua. Alibaki amesimama ndani ya maji, mikono juu ya kichwa.

Kirotshe kwa maji si mbali kwa mwenye kasia na mikono ya ujana. Nilipiga kasia nikifuata ufuko, mbali kidogo na risasi, karibu kidogo na nchi kavu. Furaha hakulia. Alilala ubavu, shavu limetoka nje ya blanketi likagusa plastiki, akinishika kifundo cha mguu kila uchungu ulipokuja. Nilipiga kasia, nikaomba, nikapiga kasia. Mwanzo tulikwenda vizuri, nikaanza hata kuwaza jina la mtoto.

Kisha mtumbwi ukawa mzito. Nilidhani ni mikono yangu iliyochoka. Nikaongeza nguvu, ukazidi kuwa mzito, ukaanza kulala upande mmoja na kurudi polepole, kama ng'ombe mgonjwa anayetaka kulala. Ndipo nikasikia maji yakitembea ndani ya tumbo lake. Maji hayakuwa juu yetu, kwamba ningeyachota kwa kikombe. Yalikuwa ndani, mahali ambapo mkono haufiki, yakiingia kwa nyufa nilizozitengeneza mimi kwa jua, kwa jiwe na kwa uvivu wa kumwomba mtu ashike ncha ya pili. Nilijua papo hapo.

Nikajitupa majini ili kuupunguzia uzito. Nikashika nyuma ya mtumbwi, nikaweka kifua, nikausukuma kwa kuogelea. Sijui nilisukuma muda gani. Najua tu kwamba mtu anayepiga kasia hupita mtu anayesukuma kwa miguu mara nyingi sana, na kila nilipoinua kichwa mgomba uleule ulikuwa bado palepale ufukoni. Nilimwita Furaha, akaitika. Nikamwita tena, akaitika kwa sauti ndogo zaidi.

Tulipofika nchi kavu hatukuwa Kirotshe bado. Wakulima waliokuwa wamejificha kwenye migomba walituona, wakashuka. Walikata miti miwili, wakafunga blanketi letu, wakatengeneza kipoyi cha kumbebea, na wanaume wanne wasiotujua walimbeba dada yangu njia ya juu wakikimbia, wakipokezana, huku mmoja akitangulia kuangalia njia. Mungu awabariki popote walipo. Sikujua hata jina la mmoja.

Hospitali ilitupokea vizuri, hawakuuliza chochote kwanza. Walimpasua. Furaha alipona. Mtoto alikuwa wa kiume, mwenye nywele nyingi, na alikuwa ameshakufa.

Mama muganga wa hospitali aliyetoka kuniambia alikuwa mtu mwema. Alisema, "Kama mungefika mbele kidogo..." kisha akaona uso wangu. Sentensi ile ya kufika mapema hakuimaliza, mwanangu, na miaka yote hii mimi ndiye ninayeimalizia. Baadaye walitueleza kwamba Furaha hatapata mimba nyingine.

Siku ya tatu alipoweza kuongea, nilipiga magoti kando ya kitanda chake. Nilimwambia yote: kibanda, sambaza, jiwe la volkano, bidoni ya mama. Nikamwambia, "Dada, ni mie njo niliua mutoto wako."

Machozi yalimtoka pembeni bila uso wake kubadilika.

"Kaka," akasema, "ile maji, nilianza kuisikia mbele ya weye kuisikia. Sikio yangu ilikuwa juu ya mutumbwi. Nilinyamaza kusudi usiogope."

Nililia siku ile kama sijawahi kulia, wala sikulia hivyo hata tulipomzika mama. Hakunifukuza. Hakusema amenisamehe pia, na mimi sikuomba aseme. Alinishika mkono kama alivyonishika kifundo cha mguu mle ziwani.

Vita vilipotulia kidogo nilirudi kuutafuta mtumbwi, nia yangu nikaukate vipande niuchome. Nilipofika pale tulipouacha sikuukuta. Mama alikuwa amekwishafika na jirani mmoja, wameutoa maji, wameubeba begani mpaka Shasha. Nilimkuta amejenga kibanda upya, palepale, na anauosha kwa kitambaa laini na kipande cha sabuni. Nikamwuliza anaosha nini, kitu kimekufa.

"Kuko bamama bengine hapa," akanijibu, "na barabara itafungwa tena."

Ndipo akaleta bidoni yake ya njano, nzima, ile pekee iliyokuwa imebaki nyumbani, akaikata kwa kisu. Tukamwita mzee mmoja wa soko anayeziba mabeseni. Alipasha moto bapa la chuma, akayeyusha vipande vya bidoni ndani ya nyufa, plastiki kwa plastiki, taratibu, akipuliza na kubonyeza. Lile kovu la njano unaloliona chini ya mtumbwi ndilo bidoni ya mama. Kwa miezi mingi baada ya hapo alichota maji kwa sufuria.

Mtumbwi ule ulibeba wengine. Barabara ilifungwa tena kama alivyosema, si mara moja. Niliwapeleka Kirotshe wanawake ambao watoto wao leo wanavaa yunifomu, wanapita hapa wakinisalimu Papa, nami naitika na moyo unaniuma. Wengine watasema mema yale yalifuta lile baya. Mimi sijaona likifutika. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo tunavyosema, lakini uko ukuta ambao ukianguka haujengwi.

Sasa sikiliza, maana wewe ndiye utakayeubeba baada yangu.

Ukitoka majini, uoshe kabla hujakaa kula. Maji safi, sabuni kidogo, kitambaa. Usitumie mchanga, usitumie jiwe, usitumie petroli hata kama mafuta ya samaki yamekataa kutoka; rudia sabuni. Toa kizibo cha nyuma, uuinamishe, usikilize. Kukiwa na maji tumboni yatasema. Uache kizibo wazi mpaka pakauke. Ulaze kwenye mashina ya migomba, na yakioza uweke mengine, usiseme kesho. Majani ya juu uyabadilishe kabla ya kiangazi, si kiangazi kikiwa katikati. Wako waliopaka mitumbwi ya namna hii mawese wakidhani ni ngozi, wakalisha panya bure. Wewe kivuli kitakutosha. Kila mwezi pitisha ukucha mgongoni mwake, hasa kwenye kovu. Na usiukokote. Ukikosa mtu wa kushika ncha ya pili, kaa chini umsubiri. Kumsubiri mtu si aibu, mimi nilidhani ni aibu.

La mwisho, na hili si la mtumbwi tu. Mtu akikuambia jambo, usiangalie kama ni mwanamke au mwanamume, mzee au mtoto, wa kwenu au wa Butembo. Angalia mikono yake imeshika nini kila siku. Mama alikuwa amebeba plastiki mgongoni tangu utoto wake, nami nilimjibu kwamba mimi ndiye ninayejua mitumbwi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mimi guu langu lilibaki zima. Aliyevunjika ni Furaha.

Yuko Walikale mpaka leo, kwa watu wa mume wake, msituni. Mume hakumwacha, na wazee wa kule walimfanyia mtoto yule mambo yao ya desturi ili asipotee njia, ingawa Furaha ni mtu wa kanisa. Alikubali. Hunipigia simu mtandao ukipatikana. Tunasalimiana, tunaulizana mvua na mihogo. Halafu, kila mara kabla ya kukata, huniuliza neno moja.

"Kaka, mutumbwi iko ku kivuli?"

Namjibu, "Iko ku kivuli, dada." Kisha simu inakatika.

Mungu akupe mikono yenye subira, mwanangu, na masikio mepesi kuliko yangu. Akupe njia ya maji siku ile barabara itakapofungwa, na akufikishe mbele kidogo. Na simu ya shangazi yako ikilia siku ambayo mimi sipo, mjibu kwamba mtumbwi uko kivulini. Lakini kabla hujamjibu, shuka kwanza ufukoni ukaangalie.